Kola, Ukosi na Mkasi: Uhakiki wa Istilahi za Kubadili Jaketi la Jinzi

Istilahi hupimwa kwa kazi. Neno laweza kupendeza masikioni, likafuata kanuni zote za sarufi, likapita mezani bila ya mtu kulipinga; lakini ikiwa fundi akilishika haliwezi kumwonyesha mkono wake uende wapi, neno hilo bado halijawa istilahi. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kutumia mfano mdogo sana, nao ni kola ya jaketi la jinzi na namna ya kuibadili.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini kurasa hizi, ambazo aghalabu hushughulikia istilahi za sheria, za utawala na za sayansi, zijishughulishe na kola. Jibu ni kwamba katika sheria na utawala kosa la istilahi huweza kufichika kwa miaka mingi, kwa kuwa waitumiao wote ni watu wa maneno, na kila mmoja humsaidia mwenzake kwa kukisia. Katika ufundi kosa halifichiki. Nguo ikikatwa pasipostahili imekatwa, wala hakuna kamati iwezayo kuirudisha.

Karatasi tunayoihakiki ina kurasa nne zilizopigwa chapa. Kichwa chake ni “Kubadili Ukosi wa Jaketi na Fulana za Jinzi”, nayo iliandaliwa kwa ajili ya vijana wanaojifunza ushonaji katika kituo kimoja cha mafunzo. Jina la kituo na la mwandishi hatutayataja, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu. Isitoshe, kosa tutakalolieleza si la mwandishi huyo peke yake; ni kosa letu sote tunaounda maneno tukiwa tumekaa.

Karatasi hiyo ilitufikia kwa njia ya bahati mbaya. Fundi mmoja wa cherehani, ambaye hushonea barazani katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, alikuwa na mwanafunzi aliyeipata kituoni. Akaja mteja, kijana wa bodaboda, na jaketi la jinzi la mitumba alilolinunua Mchikichini. Alitaka likatwe mikono liwe kizibao, na kola iondolewe kabisa, kwa sababu akiwa barabarani upepo huipigapiga shingoni na kamba ya helmeti hunasa kwenye ncha zake. Fundi alikuwa na kazi nyingine ya haraka, akamwachia mwanafunzi. Kijana akafungua karatasi yake, akasoma hatua ya tatu: “Kata ukosi kwa kufuata mshono.” Akachukua mkasi, akakata kwa uangalifu mkubwa, akafuata mshono bila ya kupinda hata kidogo. Alifanya kama alivyoambiwa, na jaketi likaharibika.

Tulipofika siku ya pili kuchukua suruali yetu, tulimkuta fundi ameishika ile karatasi. Alituuliza, “Mwalimu, ninyi ndio watu wa lugha. Hapa pameandikwa ‘mshono’. Mshono upi? Mimi hapa shingoni naiona mishono mitatu.” Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Kwanza hatuna budi kukieleza kitu chenyewe, maana uhakiki wa istilahi usioanza na kitu huishia kuwa ubishi wa ladha. Jinzi ni kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kwa mistari ya mshazari. Nyuzi zake za urefu hutiwa rangi ya nili, na nyuzi za upana huachwa nyeupe. Nili haipenyi hadi katikati ya uzi, hukaa juu juu tu. Kwa hiyo kila kitambaa kinaposuguliwa weupe wa ndani huchomoza, na nguo hupauka. Vazi hili lilianza kama vazi la kazi nchini Marekani. Mwaka 1873 Jacob Davis na Levi Strauss walipata hataza ya kuimarisha mifuko ya suruali za kazi kwa vipini vidogo vya shaba, na jaketi la kitambaa hicho hicho likafuata njia ile ile ya karakana, reli na malisho ya ng’ombe. Desturi ya kulikata mikono na kulifanya kizibao ilienea miongoni mwa waendesha pikipiki wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na baadhi yao walikata na kola pia. Kwa hiyo kijana wetu wa bodaboda, bila ya kujua, alikuwa akidai kile kile walichodai wenziwe wa mbali, na kwa sababu ile ile ya upepo.

Sasa tuitazame kola ya jaketi hilo. Anayelivaa huona kitu kimoja kilichokunjwa shingoni. Anayelishona huona mambo mengine. Kuna kipande cha juu, kile kinachotazama watu kola inapolala. Kuna kipande cha chini, kile kinachogusa jaketi na kujificha. Vipande hivi viwili vimeunganishwa ukingoni na kugeuzwa, kisha ukingo wote umepigwa mshono wa juu unaoonekana. Huo ni mshono wa kwanza. Kipande cha chini kimeunganishwa na shingo ya jaketi kwa mshono usioonekana. Huo ni wa pili. Mwisho, ukingo wa kipande cha juu umekunjwa ndani na kupigwa mshono unaoonekana, ili kuufunika ule wa pili. Huo ni wa tatu. Katikati ya vipande hivyo, ndani ya kola yenyewe, zimekaa akiba za mishono: zile sentimita moja au moja na nusu za kitambaa cha shingo ambazo mshonaji huzibakiza nje ya mshono, ili mshono uwe na mahali pa kushika.

Hapo ndipo siri ilipo. Akiba ya shingo haikai kwenye shingo. Imekaa ndani ya tumbo la kola. Anayekata kola kwa kufuata mshono wa shingoni huondoka na akiba yote. Shingo hubaki imekatwa pale pale ulipokuwapo mshono, haina cha kukunja. Akijaribu kukunja, hula kitambaa cha mabega. Zaidi ya hayo, ncha za juu za ukanda wa vifungo, ambazo zilikuwa zimebanwa ndani ya mshono huo, hufunguka. Na kwa kuwa shingo ni mviringo, na sehemu kubwa ya mviringo huo imekatwa hanamu dhidi ya nyuzi, hulegea na kutanuka mara tu inapokosa mshono wa kuishika. Yote hayo yalimpata mwanafunzi yule kwa muda usiozidi dakika kumi.

Baada ya maelezo haya tunaweza kuigeukia karatasi. Kosa lake la kwanza ni kuvipa vitu vingi jina moja. Mwandishi ametumia neno “ukosi” mara ishirini na tatu. Katika hatua ya kwanza, ukosi ni kola nzima. Katika hatua ya tatu, ukosi ni ile sehemu inayokutana na shingo. Katika hatua ya tano, asemapo “pindua ukosi”, ukosi ni kipande cha juu peke yake. Katika hatua ya nane, asemapo “pima ukosi wa mteja”, ukosi ni sehemu ya mwili wa mtu, nyuma ya shingo. Maana hii ya mwisho, kwa hakika, ndiyo ya asili. Kamusi zetu hulipa neno hili maana mbili, kisogo cha shingo na kola ya vazi, na maana ya pili bila shaka imetokana na ya kwanza kwa sababu ya ukaribu wa vitu hivyo viwili. Katika lugha ya kila siku uwili huo haumdhuru mtu. Tukisikia kwamba mgambo alimkamata mwizi ukosi, hatuulizi kama alishika nyama au nguo. Yote ni mamoja, mwizi amekamatwa. Lakini mkasi hauwezi kuvumilia uwili huo.

Hatusemi kwamba kila neno lenye maana zaidi ya moja ni baya. Neno “jinzi” lenyewe latumika kwa kitambaa na latumika kwa suruali, na karatasi hii imelitumia kwa namna zote mbili bila ya madhara. Kwa nini? Kwa sababu hakuna hatua ya kazi inayotegemea tofauti hiyo. Hivyo kanuni tunayoipendekeza si kwamba istilahi iwe na maana moja tu chini ya jua. Kanuni ni kwamba mahali ambapo mkono unatakiwa uchague kati ya vitu viwili, lugha nayo iwe na majina mawili.

Kosa la pili ni la vitenzi, na kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi, ijapokuwa ndilo linalosahauliwa. Tunapounda istilahi tumezoea kuunda nomino. Orodha zetu zimejaa majina ya vitu, na vitendo huachwa vijitafutie njia. Karatasi hii ina vitenzi viwili vikuu: “badili” na “kata”. Badili ni kitenzi chema, lakini hakimwambii fundi chochote. Kola huweza kuondolewa kabisa, na shingo ikafungwa kwa utepe. Huweza kupunguzwa, yaani ncha zake ndefu zikafupishwa. Huweza kuvikwa, yaani kipande cha juu kikafunikwa kwa kitambaa kingine, kama kodrai au kitenge. Na huweza kugeuzwa: kufumuliwa, kupinduliwa, na kushonwa tena ili upande uliochakaa ujifiche. Kazi ya kugeuza wazee wetu waliijua sana katika mashati, na mafundi wengi wa zamani waliifanya kwa malipo madogo. Hizo ni kazi nne, na kila moja ina mwanzo wake. Karatasi inazichanganya zote chini ya “badili”, na matokeo yake hatua ya tano ni ya kugeuza, hatua ya sita ni ya kupunguza, na hatua ya tatu, iliyomponza kijana, ni ya kuondoa.

Ama kuhusu “kata”, hapa mwandishi hana udhuru, kwa sababu Kiswahili kina kitenzi chake na kila fundi anakijua. Kola haikatwi, hufumuliwa. Kufumua ni kuurudisha mshono nyuma, uzi kwa uzi, mpaka vitambaa viwili viachane vikiwa vizima. Tofauti baina ya kukata na kufumua ndiyo tofauti baina ya jaketi lililopona na jaketi lililokufa. Laiti mwandishi angaliandika “fumua kola”, basi hata kama angalibaki na ukosi wake wenye maana nne, kijana asingaliharibu kitu. Kitenzi sahihi kingaliziokoa nomino zilizokosewa.

Kosa la tatu ni la uteuzi wa maneno. Mwandishi ametueleza katika utangulizi wake kwamba amechagua “ukosi” badala ya “kola” kwa kuwa kola ni neno la kigeni. Msimamo huo una heshima yake. Kanuni iliyozoeleka katika uundaji wa istilahi ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Lakini kanuni hiyo hupoteza maana inapotumiwa kwa neno moja la kichwani na kusahauliwa katika matini. Mwandishi huyo huyo amelikataa kola kwa ugeni wake, kisha ameandika “bayasi” kwa kitambaa kilichokatwa mshazari, “laini” kwa kitambaa cha ndani ya vazi, na “fulana” kwa jaketi lisilo na mikono.

Tuyatazame hayo matatu. “Laini” ni neno letu lenye maana ya kinyume cha ugumu; mwanafunzi anayesoma “shona laini ndani ya jaketi” atadhani ameambiwa ashone polepole. Kitambaa cha ndani kina jina lake, nalo ni bitana. “Fulana” ni vazi la kufumwa livaliwalo ndani ya shati au peke yake. Halina vifungo wala kola ya kuondoa. Vazi lisilo na mikono livaliwalo juu ya shati na kufungwa kwa mbele ni kizibao, neno linalojulikana toka pwani hadi bara. Na kwa “bayasi”, maseremala na mafundi wetu wana neno hanamu: ukikata ubao au kitambaa kwa kukingama, hukukata mraba, umekata hanamu. Utepe wa hanamu ni jina linalojieleza. Hakuna lililotulazimisha kuazima hapa isipokuwa haraka.

Hatuna haja ya kuogopa maneno yenye asili ya nje. Bitana ni Kiarabu, na mkasi ni Kiarabu. Jaketi, shati na koti ni Kiingereza. Yote hayo ni maneno yetu sasa, kwa kuwa yamefanya kazi katika mikono yetu. Kola nayo imefanya kazi hiyo kwa muda mrefu, na hakuna fundi asiyeielewa. Swali la kuuliza juu ya neno si tu limetoka wapi. Lazima pia tuulize linaweza kubeba nini.

Jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba mwandishi alipokuwa akihangaika hivyo, alikuwa amekaa karibu na hazina. Ushonaji wa kanzu una msamiati uliokomaa, wenye jina kwa kila kipande. Kuna badani, ambalo ni pande kuu la mwili wa nguo. Kuna taharizi, vipande vya ubavuni. Kuna kikwapa chini ya mkono. Kuna sijafu kwenye kikomo cha mkono. Kuna lisani, kipande kinachokaa nyuma ya mpasuo wa kifuani. Na kuna kaba, kitambaa kinachotiwa ndani ya shingo na mabega ili kuipa nguo nguvu mahali inapochoka upesi. Walioyaunda maneno hayo hawakuwa na kamati. Walikuwa na nguo mikononi, na walihitaji kuambiana. Kila jina limezaliwa pale ambapo mkono ulitakiwa uchague.

Kanzu haina kola ya kukunjwa, hivyo hatutapata humo jina la kila sehemu ya kola. Lakini tutapata mengine mengi. Kitambaa kinachoshonwa ndani ya shingo ya jaketi baada ya kola kuondolewa, ili kuifunika na kuiimarisha, hakina tofauti ya kazi na kaba la kanzu. Kwa nini basi tukiite “kipande cha kufunikia upande wa ndani wa shingo”, kama karatasi inavyokiita kwa maneno manane, hali neno lipo?

Haki yatudai tuseme pia mema ya karatasi hii. Kwanza, imeandikwa. Vijana wengi wanaoingia katika ushonaji wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na fundi anayewafundisha huwafundisha kwa Kiswahili. Kuwapa maandishi ya Kiingereza ni kuwafungia mlango. Mwandishi amelitambua hilo na amechukua hatua ambayo wengi wetu tumeishia kuihubiri. Pili, mashauri yake juu ya vifaa ni sahihi: ametaka sindano nene, ya namba 100 au 110, na ameonya kwamba sindano ya shati itavunjika penye makunjo. Tatu, amesisitiza pasi kabla na baada ya kila hatua, shauri ambalo wanafunzi hulidharau. Karatasi hii, kwa hiyo, si kazi ya mtu asiyejua kushona. Ni kazi ya mtu ajuaye kushona lakini ambaye, alipoketi kuandika, alidhani kwamba lugha ya kuandikia ni nyingine na ile ya barazani haifai. Huo ndio msiba wenyewe.

Na msiba huo una hatari kubwa kuliko jaketi moja. Kijana aliyeharibu nguo kwa kufuata maandishi ya Kiswahili hatasema kwamba istilahi ilikuwa mbovu. Atasema kwamba mambo haya hayasomeki kwa Kiswahili, na wale wasemao kwamba lugha yetu haitoshi kwa mafunzo ya ufundi watakuwa wamepata ushahidi wasiostahili kuupata. Lugha ilitosha. Tulioitumia ndio hatukuiuliza.

Yafuatayo ndiyo mapendekezo yetu, nasi twayatoa ili yajadiliwe. Kola na iwe jina la kitu kizima kilichounganishwa na vazi. Uso wa kola uwe kipande cha juu, na tumbo la kola kipande cha chini. Majina haya mawili tuliyapata kwa fundi yule, na yanafuata desturi kongwe ya lugha yetu ya kuvipa vitu viungo vya mwili, kama tusemavyo mdomo wa mfuko, mkono wa shati na shingo ya gauni. Shingo iwe mviringo wa vazi ambamo kola hushonwa. Ukosi tusiutupe, la hasha. Katika kola zenye sehemu mbili, kama za mashati, kile kipande kinachosimama na kuzunguka kisogo kabla ya kola kukunjika ndicho kistahilicho jina hilo, kwani ndicho kinachokaa juu ya ukosi wa mtu. Akiba ya mshono iwe kitambaa kinachobakizwa nje ya mshono. Kwa mishono mitatu tuliyoitaja, tuna mshono wa ukingo, mshono wa kuungia na mshono wa kufunikia. Na kwa vitendo, kuondoa, kupunguza, kuvika na kugeuza, kila kimoja peke yake.

Istilahi hizi hatuna budi kuzipima kwa kipimo kile kile tulichowapimia wengine. Hebu tuiandike upya kazi aliyopewa kijana:

Kuondoa kola. Kwanza, tia chaki kwenye shingo mahali kola inapoanza na inapoishia. Pili, fumua mshono wa kufunikia, ili uso wa kola uachane na shingo na akiba zionekane. Tatu, kabla ya kugusa mshono wa kuungia, piga mshono mmoja kwenye shingo, chini kidogo ya ule wa kuungia, uzunguke shingo yote. Huu utaizuia isitanuke. Nne, fumua mshono wa kuungia, na uitoe kola ikiwa nzima pamoja na tumbo lake. Tano, ukiona ncha za ukanda wa vifungo zimefunguka, zikunje ndani na uzishone. Sita, funga shingo kwa utepe wa hanamu wa pamba nyepesi, au tia kaba, kisha ikunje akiba ndani na upige mshono wa juu. Usitumie jinzi yenyewe kwa utepe, kwani makunjo yatakuwa manene mno.

Tulimsomea fundi maneno hayo. Alisikiliza hadi mwisho, akataka badiliko moja tu: tuongeze kwamba akiba ikatwe vipasuo vidogo vidogo penye mviringo, la sivyo haitalala. Tumeongeza. Kisha akatukumbusha jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria, nalo lahusu kugeuza. Kola ya shati ikigeuzwa huwa kama mpya. Kola ya jinzi ikigeuzwa hufichua tumbo ambalo halijawahi kuona jua, nalo huwa na buluu nzito kuliko jaketi lote. Vivyo hivyo, kola ikiondolewa, shingoni hubaki utepe wa rangi nzito wenye matundu ya sindano, mahali ilipokuwa imelala. Mteja lazima aambiwe mapema. “Na hiyo rangi,” tukamwuliza, “mnaiitaje?” Akasema, “Rangi ya akiba.” Tumeiandika.

Pingamizi moja twaliona linakuja. Itasemwa kwamba maneno ya fundi mmoja wa Kariakoo si maneno ya mafundi wote. Kwamba Mombasa watasema vingine, na Unguja vingine, na Nairobi vingine. Ni kweli, na ni sababu ya kutafuta zaidi. Tofauti za mafundi zaweza kukusanywa, kulinganishwa na kusanifiwa. Hiyo ndiyo kazi iliyowekewa Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967. Lakini neno ambalo hakuna fundi hata mmoja alitumiaye halina cha kulinganishwa nalo.

Kwa hiyo twashauri kwamba orodha yoyote ya istilahi za ufundi, kabla ya kufikishwa kwenye kikao cha usanifishaji, ijaribiwe mbele ya wajumbe na mtu mwenye kazi yake. Kama ni istilahi za ushonaji, iletwe nguo mezani na ifumuliwe. Kila pahali fundi atakaposita na kuuliza “kipi?”, pana upungufu wa jina au wa kitenzi. Kikao cha namna hiyo hakihitaji gharama kubwa. Chahitaji jaketi moja kuukuu, na subira.

Yule kijana wa bodaboda alilipwa jaketi jingine na fundi, kutoka mfukoni mwake. Safari hii fundi alimwachia tena mwanafunzi wake, akamsimamia. Kola ilifumuliwa ikatoka nzima, na mteja aliomba apewe. Imo katika boksi la pikipiki yake, pamoja na vitambaa vya kupangusia.